Kamba ya Bluu

Ulikuja na kamba shingoni, ya bluu,
ile wanayofungia magunia ya makala,
imezama hadi manyoya yameota juu yake.
Paluku, daktari wa ng'ombe kule Ndosho,
aliikata kwa mkasi wa fundi cherehani,
mimi nimekushika kichwa,
na hukulia.
Hilo ndilo lililonitisha. Hukulia hata kidogo.

Wenye nyumba walikimbia usiku,
wakafunga mlango, wakakusahau uani,
au hawakukusahau, sijui.
Siwahukumu. Mimi nilipotoka Kibumba
niliacha sufuria motoni.

Wiki nzima uliishi nyuma ya pipa.
Nilikuwekea fufu na vichwa vya ndagala,
nikageuza uso, kama unavyomwachia mgeni
anayeona haya kula mbele za watu.
Asubuhi sahani nyeupe,
na wewe palepale, umejikunja juu ya makoro
kana kwamba jiwe jeusi ndilo lililokuzaa.

Mama Kahambu alichungulia juu ya ua wa mbao:
"Jirani, watu hawajala, wewe unalisha imbwa?"
Kweli tupu. Sikuwa na jibu.
Jioni nilimega tonge langu, si la watoto.

Mji huu una sauti nyingi za kufundisha woga:
pikipiki inayokohoa,
bati lililoachiwa na upepo,
chukudu chenye mzigo kikishuka mteremko,
na ile nyingine, tusiyoitaja mbele ya watoto.
Ulikuwa unapenya chini ya kitanda,
na huko ndiko nilikokukuta,
maana na mimi nilikuwa naingia.
Usiku mmoja tuligongana vichwa.

Maji ya chumvi, vuguvugu, asubuhi na jioni.
Kidonda kilifunga kuanzia kando,
taratibu, kama mtu anayefikiri kabla ya kusamehe.

Jina lako la zamani hatukulipata.
Asifiwe alijaribu Simba, Bobi, Komanda
(hilo nililikataza),
sikio halikutikisika.
Mpaka nilipokukanyaga mkia gizani, nikasema "pole",
ukageuka, ukanitazama
kama mtu aliyeitwa kwao.
Basi, Pole.

Jumanne Mama Kahambu alikuja kununua makala
ukabweka.
Mara ya kwanza! Sauti mbovu, ya bawaba yenye kutu.
Akaruka nyuma, akanitukana mimi na ukoo wangu,
kesho yake akaleta mfupa ndani ya jani la mgomba.
"Usinitazame hivyo. Ulikuwa unatupwa."

Ile kamba nilitaka kuichoma.
Asifiwe akaiomba, akafungia kichukudu chake cha mti,
na kila kilipopita ulizunguka mbali, tumbo chini.
Leo umekisogelea.
Umeinusa kamba, fundo kwa fundo,
umefikiri,
kisha ukainua mguu ukaikojolea.

Mtoto akapiga kelele.
Mimi nilicheka hadi makala yakanimwagika.