Kifungu cha Nne

Mkataba wa ishirini na tatu wiki hii.
Mtumishi wa ndani, miaka miwili, nyumba ya Al Hail.
Kifungu cha nne nakijua kwa ghibu:
*Mshahara utalipwa kabla ya siku ya saba ya kila mwezi.*
Nakiandika kwa Kiswahili safi,
nukta mahali pake, *utalipwa* bila kutetereka,
kitenzi kilichoshiba kunishinda.

Leo tarehe kumi na tisa.
Ofisi ya Ruwi ina changu tangu Shaabani:
kurasa sitini na moja, rial tatu kila ukurasa.
Nimeipiga hesabu hiyo hata usingizini.
Nikimwandikia Mudiri Sulayyim, tiki mbili,
tiki zinageuka buluu,
kisha kimya, siku tatu,
kisha: Inshallah, Bi Raya, wiki hii.
Hasemi wiki ipi.
Ahadi ni deni, walisema wahenga,
basi mimi tajiri.

Pesa yangu haina mwezi. Ina mvua ya Maskati:
ukavu, ukavu, halafu usiku mmoja
Wadi Adai inashuka na magari ya watu.
Novemba walinilipa watatu kwa siku moja.
Nikanunua mashine ya kufulia,
nikampelekea mama Sur, nikakaanga nguru,
nikasahau kwamba kiyoyozi hula
hata siku nisiyokula mimi.

Hapa Mabela, Kunhali wa dukani
huandika mkopo wangu kwa herufi za kwao,
za duara, kama vitumbua kwenye karai.
Mchele, maziwa, kadi ya simu, sijui nini.
Mimi mfasiri wa lugha tatu,
na deni langu limeandikwa kwa ya nne.

Jana waliniita nimsomee msichana wa Korogwe,
Zamda, viatu vipya, pasipoti imebanwa kwapani.
Nilisoma vyote kumi na viwili, haraka,
maana kusoma kwa sauti hawalipii.
Akasema, *Dada, nirudie hicho cha nne.*
Nikamrudia.
*Na hiyo siku ya saba, wanaifuata?*
Mudiri alikuwa mezani, anatazama simu.
Nilisema, ndivyo ilivyoandikwa.
*Basi nisomee tena.*
Mara ya tatu nilikisoma polepole,
neno kwa neno,
nami nikawa nasikiliza.