Fedha za Bonde Moja

Ramani tuliitandaza juu ya meza ya kukatia manyoya,
bado inanuka kondoo,
tukaikandamiza pembe nne:
kikombe, tochi, mtego mmoja wenye kutu
na kiganja cha Ngahuia, aliyekataa kuketi.

Mabonde ni matatu. Fedha ni za moja.
Ajira tisa, miezi kumi na minane,
viatu juu ya serikali, chakula juu yako.

Kaskazini kuna bata wa mtoni,
jozi kumi na moja, labda kumi.
Dume hupiga mluzi kama mtu aliyefungiwa nje.
Mwaka jana kicheche aliingia kiotani,
jike juu ya mayai, hakuondoka.
Mimi ndiye niliyemkuta,
mabawa bado yamefunika maganda.
Ila huko ni mwendo wa siku nzima, mto unavukwa mara saba,
na watoto utamwachia nani?

Bonde la kati lina kiwi, ndege asiyeruka,
husikika ukitaka sana kumsikia.

Kusini hakuna ndege wa kutajika.
Kuna nyumba ishirini chini ya kiwanda cha mbao kilichofungwa,
na vijana wanaoamka saa tano
kwa kuwa hakuna anayewangoja.
Mdogo wangu Tamahou ni mmoja wao.

Mtaalamu kutoka mjini alikuja na alama zake:
tano kwa ndege, tatu kwa njia, mbili kwa ajira.
Akajumlisha. Akajumlisha tena.
Ngahuia akamwuliza, "Na aibu, umeipa ngapi?"

Penseli wakanipa mimi. Naijua misitu,
wakadhani ndiko kujua kuchagua.
Wanasema mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo.
Ramani je?
Ramani hunasa wasiokuwemo tu.

Nikazungushia kaskazini.
Mkono haukutetemeka. Nilitaka utetemeke.

Sasa ni mwezi wa tatu. Mitego mia nne na sita,
yai moja kila sanduku.
Nafungua, naandika: panya, panya, tupu,
kicheche, mdogo kuliko chuki niliyombebea.

Masanduku kayapigilia Tamahou,
kwa mbao za kiwanda kilekile,
analipwa kwa sanduku, si kwa mwezi.
Chini ya kila kifuniko amekwangua jina lake kwa msumari.
Nalisoma mara mia nne na sita kwenda,
na kurudi.