Chungu cha Tupokigwe

Miezi mitatu jina langu limelala daftarini mwake,
chini ya fundi baiskeli na mwalimu wa Kandete.
Leo ukungu umeshuka hadi kizingitini.
Tupokigwe anamimina maji ya moto juu ya ulezi,
ananipa mrija:
“Usikoroge. Kingoje.”

Nakingoja. Povu linapumua.
Navuta.

Moshi kwanza. Halafu uchachu,
kama ndizi iliyosahauliwa darini,
halafu kitu fulani cha marehemu baba,
koti lake, pengine, akirudi usiku amelowa.

Sifa nilizozipanga tangu Uyole
zimenitoka zote.
“Vipi?”
Namsogezea chungu: ongeza maji.

Anacheka. Analikata jina langu,
analiandika upya
mkiani, baada ya katekista.