Hatua Kumi na Moja

Ishbel aliniuzia lenzi tatu kwa bei ya moja
siku aliyofunga duka lake, Dundee, mwezi wa Machi.
"Hii ya mia mbili," akasema, "ni ya wavivu."

Nikasimama ukingoni mwa uwanja,
nikamvuta Maimuna kutoka golini:
daraja la reli, lililo maili nzima nyuma yake,
likaja likamgusa bega
kama jirani asiyebisha hodi.
Jasho la nyusi nililiona. Sauti yake sikuisikia.

Nyumbani nikafunga ishirini na nne.
Jiko zima likaingia, na masufuria, na mvua dirishani,
na pua ya mwanangu mbele ya vyote.
"Baba, umenifanya kiboko!"
Akaifuta picha. Akanuna siku mbili.

Imebaki hamsini.
Haivuti, haisukumi.
Ukitaka uso, nenda.

Jumamosi nimehesabu hatua
kwenye nyasi zilizolowa: kumi na moja.
Ya tisa akaniona.
Alikuwa akifunga kamba za kiatu,
akasema, bila kuinua kichwa,
"Sogea, unanizibia mwanga."

Nikasogea. Nikachutama upande wa pili.
Kifuniko cha lenzi sikukifungua.