Usiseme Nzuri

Wiki ya kwanza walituvua viatu.
Ghala la zamani la pamba, nje kidogo ya Arua,
sakafu bado inatoa nyuzi nyeupe ukiipangusa,
na sisi kumi na mmoja, watu wazima wenye vyeti,
tumekaa chini kama watoto wa chekechea
tukingoja kuambiwa tuandike nini.
Hatukuandika.
Mwalimu Ezaruku akaweka ndoo katikati,
udongo wa kingo za Enyau, mweusi, na konokono mmoja ndani,
akasema, Chukueni.
Kisha akanyamaza nusu saa nzima.

Mimi ni nesi, miaka ishirini.
Mikono yangu inajua mshipa unapojificha,
inajua kufunga bandeji gizani umeme ukikatika.
Udongo haukuuliza hayo.
Nilitaka kumfinyanga mama. Likatoka birika,
mdomo umepinda, halina mkono,
nikalitazama kwa haya,
mara koo likabana:
birika la bluu, jikoni kwetu Koboko,
siku tulipokimbilia Kongo na chai ikabaki motoni.
Nilikuwa na miaka mitano, mgongoni mwa shangazi.
Nilisahau.
Vidole havikusahau.

Dada yangu Ayikoru haishi kucheka.
Yaani unalipa ada, kusomea kuchora?
Na kucheza ngoma? Si ungeniambia, ningekufundisha bure!
Anacheka huku akichambua mchele,
na mkono wake, nauona sasa, unagonga ungo
kwa mapigo yale yale kila anapotajiwa mumewe.
Sikumwambia.

Kila Alhamisi ni vitendo:
darasa la mabati karibu na kambi,
rangi za maji, brashi nne, adungu lililokatika uzi mmoja,
na Lemi, miaka tisa, aliyevuka mpaka na dada yake mdogo
na hasimulii walivyovuka.
Siku ya kwanza alipaka karatasi yote nyeusi.
Akaacha nafasi ndogo pembeni, kama kucha.
Akaijaza nayo.
Nikasema, Nzuri sana!
kama ninavyomwambia aliyemeza kidonge bila kulia.
Aliniangalia. Akaosha brashi.
Alhamisi iliyofuata akanichorea ua jekundu.
Na iliyofuata.
Majuma manne, maua, yote yanatabasamu.

Nilimpelekea mwalimu maua yale kwa fahari.
Akayapanga sakafuni, akayazunguka pekupeku.
Ulimlipa, akasema. Sasa ni kibarua wako.
Nikauliza, Basi niseme nini?
Sema unachokiona.
Na nisipoona kitu?
Basi usiseme. Au huwezi?

Sikuweza. Kuuliza si ujinga, tumelelewa hivyo,
lakini mle ghalani nilijifunza
kwamba kuna kuuliza ambako ni kupekua mfuko wa mtu
akiwa bado ameuvaa.

Alhamisi ya sita mvua ilipiga mabati, hatukusikilizana.
Lemi akachora ua.
Nikajikaza, nikasema kwa sauti ya juu:
Naona shina limefika mwisho wa karatasi!
Akatazama. Akatikisa kichwa.
Halijafika, akasema.
Akachukua karatasi ya pili, akaigundisha chini yake,
akaendeleza shina.
Kisha ya tatu, na shina likawa jeusi.
Ya nne. Amepiga magoti, anarudi nyuma taratibu
kuelekea mlangoni, ulimi nje kwa bidii,
na mimi neno *mzizi* limenikaa mdomoni
nimeling'ata kama uzi wa kushonea.
Karatasi ya tano ilifika kizingitini.
Nje kulikuwa na matope.
Akaingiza brashi kwenye matope, akaendelea.

Kengele ililia. Hakuna aliyeinuka upesi.

Usiku, kwenye daftari la vitendo, niliandika:
Karatasi tano. Gundi imekwisha.
Mtoto ameongea neno moja.
Kazi nzuri
nikakata hilo la mwisho, mistari miwili,
nikaenda kuteleka chai.