Kabari

Bonyeza kushoto, ardhi inainuka.
Bonyeza kulia, inabonyea.
Tsuma alinifundisha hayo tu, akaenda zake
zamu ya usiku bandarini,
akaniachia kompyuta iliyong'oka kitufe kimoja
na uwanda wa kijani usio mwisho,
bapa kama sinia lililooshwa.

Nikabonyeza.
Ukachomoza msumari.
Si mlima: msumari wa nyasi, mrefu hadi mawinguni,
ubavu wake ukuta mtupu.
Nikabonyeza kando yake, ukaota mwingine,
na mwingine, hata ramani nzima
ikawa shanuo lililolala chali.

"Punguza nguvu," Tsuma aliniandikia.
"Brashi kubwa, nguvu ndogo. Mbili kwa mia.
Mlima hauchomwi, hupapaswa."

Basi nikaupapasa.
Usiku wa pili, wa tatu, hata adhana ya alfajiri.
Nikajua kuna chombo cha kulainisha
na kwamba chombo hicho ni mwizi:
kipitishe mara mbili, kinaondoka na ncha,
mara tano, kinaondoka na mlima.
Nikajua sifuri ndiyo bahari;
chini ya sifuri maji hujaa bila kuitwa.
Bonde langu la kwanza nililichimba kwa furaha
nikakizamisha kijiji nilichokijenga saa nne.

Sikumwambia Tsuma.

Mchana nauza maji hapa Mikindani.
Madumu kumi na mawili, mkokoteni wa mbao,
kutoka bombani kwa Mama Nyevu, chini kwenye mikoko,
hadi kwa wapangaji wa juu wanaolalamikia bei.
Mwinuko ule siujui kwa nambari.
Naujua kwa muundi,
kwa mahali kandambili zinapoanza kuteleza,
mbele kidogo ya kinyozi,
na mahali ambapo kila msukumaji, hata mwenye domo,
hunyamaza.

Hapo pana jiwe.
Tumbawe, limeliwa upande mmoja na magurudumu.
Unalivuta kwa kisigino hadi nyuma ya tairi,
unahema hesabu ya ishirini,
unaendelea.
Sijui nani aliliweka.
Katika mtaa ambao hata kifuniko cha mtaro huibwa,
hakuna aliyewahi kulichukua.

Usiku wa tisa stima ikapotea.
Sikuwa nimehifadhi.
Kazi ya siku tatu ikaenda pamoja na feni.
Nikakaa gizani, jasho likinitambaa mgongoni,
misuli ya miguu ikicheza yenyewe
kama bado inasukuma,
na miguu ndiyo iliyoniambia:
ile milima yako mizuri,
aliijenga mtu asiyewahi kupanda chochote.

Stima iliporudi sikuanza na kilele.
Nilianza bombani.
Mbili kwa mia, mbili kwa mia,
hapa pole, hapa pagumu, hapa pa kupumua,
na kwa kinyozi nikaongeza ubishi kidogo.
Sikulainisha.
Kisha, katikati ya mteremko,
nikaweka jiwe.

Jumapili Tsuma akaja, akatia gari lake la majaribio.
Likapanda, likaguna,
likasita pale pale nilipotaka lisite.
"Nani kakufundisha hii?" akauliza,
nami nikajitia kutafuta chaja.
Halafu akaliona jiwe.
"Hili limekaa hapa kimakosa. Gari halina haja nalo."
Akalifuta.

Sikubishana naye; amenikopesha kompyuta.
Alipoinama kufunga viatu
nikabonyeza vidole viwili, kontroli na zedi.
Jiwe likarudi.

Ila limerudi likielea,
shubiri moja juu ya nyasi, na kivuli chake chini yake,
na mpaka leo
sijajua namna ya kulishusha.