Mvuto Mmoja

Mvuto mmoja: nipo.
Miwili: niongezee mpira.
Mitatu: nipandishe, usiulize.
Ndiyo lugha iliyobaki
kati yangu na Butoyi
tangu tulipogombania michikichi ya baba
kule Mwandiga.

Tulitia nanga nje ya Bangwe, saa mbili asubuhi,
kompresa ikikohoa, yeye akitazama pembeni.
Nikauma kile kidude cha pumzi,
ladha ya raba, na petroli kidogo,
nikajitupa kinyumenyume.

Huku chini kuna jabali.
Wenye mitumbwi hulipita juu kwa juu wakipiga soga.
Limesimama peke yake, jino moja katika ufizi wa ziwa,
kilele pima saba; shina lake sijaliona
wala sijakutana na aliyeliona.
Samaki wa mapambo wamelizingira,
wenye milia, wenye mashavu ya manjano,
vichwa vyote upande mmoja,
wakipiga mkia bila kwenda popote.
Hapo ndipo unapoujua mkondo:
hauna rangi, hauna sauti,
unausoma kwenye adabu ya samaki.

Leo ulikuja na kisirani.
Ulinibandua mwambani kama stempu,
nikadaka ufa kwa vidole vinne,
na mpira, ule wa njano, ukajiviringa kwenye jabali
mara moja,
kisha ya pili.
Pumzi ikaja nyembamba.
Nikavuta mara tatu.
Nikavuta tena.
Jabali lilipokea salamu zangu, likakaa nazo.

Mama alisema nilimtangulia Butoyi kwa robo saa.
Sikuwahi kumuuliza
alifanya nini mle ndani, peke yake.

Nikalizunguka jabali kinyumenyume,
kiganja baada ya kiganja, shavu likisugua mwamba,
nikiufumua mpira kama mshono uliokosewa:
raundi ya kwanza,
ya pili, hii sikumbuki niliimalizaje.
Mpira ukalegea. Ukanyooka.
Na kutoka juu
ukashuka mvuto mmoja.

Huo haumo kwenye makubaliano.
Wa juu hana haja ya kusema yupo.

Nilipanda polepole, damu isije ikachemka,
nikaning'inia pima tatu nikihesabu hadi mia tatu,
nikiona tumbo la mtumbwi, na kivuli cha mtu
aliyeinama mno ukingoni.

Akapokea wavu. Akachungulia.
"Watano tu," alisema.
"Wanne," nikamjibu. "Huyo mmoja amekufa."

Hatukuwa tumesema maneno mengi kiasi hicho
tangu masika.